Gunpei Yokoi: Fundi wa mitambo aliyeuweka mchezo chini ya kidole gumba

Kijana anayeshika padi ya michezo ya video katika soko la Kibugu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya katika kaunti ya Embu, hahitaji kufundishwa mahali pa kuweka vidole. Hali ni hiyo hiyo kwa mwenzake wa Dar es Salaam au London. Kidole gumba cha kushoto huelekeza, cha kulia huamuru. Mazoea hayo yameenea kiasi kwamba wengi hudhani yalikuwapo tangu michezo hiyo ilipobuniwa.

Ukweli ni kwamba mpangilio huo una asili yake, na asili hiyo iko katika mji wa Kyoto, nchini Japani. Anayetajwa kuwa mwasisi wake ni Gunpei Yokoi, mhandisi aliyeajiriwa kutunza mashine za kutengenezea karata. Kwa muda wa miaka 31 alisaidia kuigeuza kampuni ya karata kuwa miongoni mwa majina makubwa kabisa katika burudani duniani. Alifariki dunia mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 56.

Kinachofanya maisha yake yastahili kukumbukwa si umaarufu wa vifaa alivyoviunda tu, bali pia njia aliyoitumia. Wakati wapinzani wake walipokuwa wakikimbilia teknolojia mpya kabisa, yeye alipendelea ile iliyokwisha kuzoeleka. Aliamini kwamba kifaa cha zamani, ambacho bei yake imeshuka na udhaifu wake umejulikana, kinaweza kuzaa jambo jipya kikitumiwa katika kazi ambayo hakikukusudiwa. Imani hiyo ilimpandisha juu, na mtambo uliomwangusha ni ule ambao imani hiyo haikutosha kuuokoa.

Yokoi alizaliwa mjini Kyoto tarehe 10 Septemba 1941. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha, kilichoko katika mji huo huo, na mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni ya Nintendo.

Wakati huo jina la Nintendo halikuhusishwa kamwe na kompyuta. Kampuni hiyo ilikuwa imeasisiwa mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi ili kutengeneza hanafuda, yaani karata za Kijapani zenye picha za maua. Kazi aliyopewa mhandisi huyo kijana ilikuwa kuhakikisha kwamba mashine za karata hazikwami. Zilipokuwa salama, hakuwa na la kufanya. Kwa hiyo alijiburudisha kwa kuunda vitu vidogo vidogo vya kuchezea akiwa papo hapo kazini.

Kimojawapo kilikuwa mkono wa vipande vilivyounganishwa kwa namna ya mkasi, ambao ulirefuka na kushika kitu cha mbali kila vishikio vyake vilipobanwa. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alimwona akiuchezea. Badala ya kumwadhibu kwa kupoteza saa za mwajiri, alimwamuru auendeleze ili uuzwe. Mwaka 1966 ukaingia madukani kwa jina la Ultra Hand, na zaidi ya mikono milioni moja ikanunuliwa. Mtunza mashine akawa mbunifu wa bidhaa.

Vitu vilivyofuata vilikuwa na sura tofauti lakini roho moja. Mwaka 1969 alitoa Love Tester, kifaa kilichodai kupima mapenzi baina ya watu wawili. Wawili hao walishikana mikono, kila mmoja akashika kidude cha chuma kwa mkono uliobaki, na mshale ukapanda kulingana na umeme uliopita katika miili yao. Kipimo chenyewe kilikuwa cha kawaida kabisa, cha aina ambayo fundi yeyote wa umeme alikuwa nayo. Upya ulikuwa katika kukitumia kuwachekesha watu na kuwapa kisingizio cha kushikana mikono.

Halikadhalika, seli ndogo zinazohisi mwanga, ambazo kwa kawaida zilitumika kuzalisha umeme wa jua, alizigeuza kuwa shabaha ya bunduki za kuchezea zinazofyatua mwanga. Bunduki hizo zilimkutanisha na Masayuki Uemura, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sharp iliyouza seli hizo. Uemura alihamia Nintendo, na jina lake litarejea katika habari hii.

Hata hivyo, njia hiyo haikuwa ya maua matupu. Mwaka 1973 Nintendo iliwekeza fedha nyingi katika kumbi za kulenga shabaha kwa bunduki za mwanga. Mwaka uo huo mzozo wa mafuta uliikumba dunia, wateja wakafuta oda zao, na kampuni ikabaki na mzigo mkubwa wa madeni. Bidhaa ya kuikwamua ilihitajika.

Inasimuliwa kwamba wazo la bidhaa hiyo lilimjia Yokoi ndani ya treni ya mwendo kasi. Alimwona abiria mmoja, mtu wa ofisini, akiondoa uchovu wa safari kwa kubonyezabonyeza vitufe vya kikokotoo chake. Yokoi akawaza juu ya mchezo mdogo ambao mtu mzima angeweza kuuficha katika viganja vyake bila kuaibika mbele ya abiria wenzake.

Wazo hilo lilikuja wakati mwafaka. Kampuni za Japani zilikuwa zimeshindana kwa miaka mingi kutengeneza vikokotoo, hata vioo vyake vyembamba na vijisehemu vya umeme vya ndani vikawa rahisi mno kwa bei. Sharp, iliyokuwa na uwezo mkubwa wa kutengeneza vioo hivyo, ilikubali kushirikiana. Mwaka 1980 ikazaliwa familia ya michezo ya mkononi iliyoitwa Game & Watch, kwa kuwa kila kifaa kilikuwa na mchezo pamoja na saa. Wa kwanza, uliomwonyesha mtu akirusha na kudaka mipira, ulikuwa na vitufe viwili tu vya kuchezea, kimoja cha mkono wa kushoto na kingine cha mkono wa kulia. Kwa jumla, zaidi ya vifaa milioni 43 vya aina hiyo viliuzwa duniani.

Mwaka uliofuata, Yokoi alikabidhiwa jukumu la kumsimamia msanii kijana aliyeitwa Shigeru Miyamoto. Nintendo ilikuwa na shehena ya mashine za kumbi za burudani zilizokosa wanunuzi nchini Marekani, na ilitaka mchezo mpya wa kuwekwa ndani yake. Kutokana na kazi hiyo ukatoka Donkey Kong mwaka 1981, mchezo wa sokwe mkubwa na fundi anayepanda ngazi huku akiruka mapipa. Fundi huyo ndiye baadaye alikuja kujulikana ulimwenguni kote kwa jina la Mario.

Mafanikio hayo yalizua tatizo jipya. Kampuni ilitaka kuuingiza Donkey Kong katika familia ya Game & Watch. Katika mashine kubwa za kumbini, mchezaji alikuwa akimwongoza Mario kwa wenzo, yaani kijiti kilichosimama wima ambacho husukumwa mbele, nyuma, kushoto au kulia. Mitambo mingi ya nyumbani ya wakati huo nayo ilitegemea wenzo, mfano maarufu kabisa ukiwa ule wa mtambo wa Atari uliotoka Marekani mwaka 1977. Ilimbidi mchezaji aukamate mwili wake kwa mkono mmoja na kuuzungusha kwa mkono wa pili.

Kijiti kama hicho hakikuwa na nafasi katika kifaa cha mfukoni. Isitoshe, mchezo huo ulikusudiwa kuwa na vioo viwili na kukunjwa kama kitabu, na chochote kilichochomoza kingezuia usifungike. Kutumia vitufe vinne vilivyotengana kuliwezekana, na baadhi ya watengenezaji walikuwa wamekwisha kufanya hivyo. Ila mchezaji aliyekaza macho yake kwenye kioo alipotea kwa urahisi, kidole chake kisijue kipo juu ya kitufe kipi.

Jawabu lililopatikana mwaka 1982 lilikuwa kipande kimoja cha plastiki chenye umbo la msalaba, bapa, kisichozidi upana wa kidole gumba kwa kiasi kikubwa. Kwa kukitazama, hakina maajabu yoyote. Maajabu yake yako chini.

Chini ya kitovu cha msalaba huo kuna nundu ndogo inayoutegemeza, kama egemeo la pembea ya watoto. Chini ya kila tawi kuna kibonge cha mpira laini chenye kijisehemu kinachopitisha umeme. Tawi likibonyezwa, kijisehemu hicho hugusa njia mbili za shaba zilizo kwenye bodi ya saketi, mkondo wa umeme ukakamilika, na mtambo ukafahamu upande uliochaguliwa. Kidole kikiondoka, mpira husukuma tawi lirudi mahali pake.

Kwa kuwa matawi yote ni kitu kimoja kilichokaa juu ya egemeo, tawi la kushoto linaposhuka la kulia huinuka. Mchezaji hawezi kuamuru pande mbili zinazopingana kwa wakati mmoja na kuuchanganya mchezo. Papo hapo, anaweza kuegemeza kidole kati ya matawi mawili jirani, hivyo kuamuru mwendo wa mshazari. Fauka ya hayo, umbo la msalaba huhisiwa kwa ngozi: kidole hujua kaskazini na kusini bila ya jicho kusaidia.

Kwa maneno mengine, wenzo ulidai mkono mzima nao msalaba ukadai kidole kimoja. Mkono uliokombolewa ukapata kazi ya kushika kifaa, na kidole gumba cha upande wa pili kikabaki huru kurusha, kupiga na kuruka.

Ni haki kusema kwamba kazi hii haikuwa ya mtu mmoja. Yokoi aliongoza kikosi cha wahandisi, na hataza ya kitufe hicho iliyotolewa nchini Marekani mwaka 1987 inamtaja mhandisi mwenzake, Ichiro Shirai, kuwa mvumbuzi. Hata hivyo, historia ya michezo ya video imemtaja Yokoi kuwa baba wa wazo hilo, kwa sababu lilizaliwa katika bidhaa yake na kwa kufuata falsafa yake.

Wakati huo huo, Uemura alikuwa akisanifu mtambo wa nyumbani wa kuunganishwa na runinga. Yeye pia alisumbuliwa na suala la wenzo. Familia nyingi za Kijapani huketi sakafuni, na mtambo wa mtoto huachwa papo hapo sakafuni. Kijiti kilichosimama kingekanyagwa na kuvunjika. Msalaba wa Game & Watch ulikuwa bapa, rahisi kutengeneza, na ulikuwa umekwisha kujaribiwa mikononi mwa wateja. Uemura akauchukua.

Mtambo huo, Family Computer, uliojulikana kwa kifupi kama Famicom, ulianza kuuzwa tarehe 15 Julai 1983 kwa yeni 14,800. Ulikuwa na padi mbili nyembamba zilizounganishwa moja kwa moja na mtambo kwa waya. Msalaba ulikaa kushoto, vitufe viwili vilivyoitwa B na A kulia. Padi ya kwanza ilikuwa na vitufe vidogo vya kuanzisha mchezo na kuchagua, ilhali ya pili ilipewa kipaza sauti kidogo badala yake. Vitufe vya mwanzo vya A na B vilikuwa vya mraba na vya mpira. Vilipoonekana kukwama na kuchakaa, vikabadilishwa kuwa vya mviringo na vya plastiki ngumu.

Toleo la kimataifa liliingia Marekani mwaka 1985, wakati biashara ya michezo ya video nchini humo ilikuwa imeporomoka vibaya. Yokoi alichangia kwa kuunda roboti ndogo ya kuchezea iliyowasaidia wauzaji kuuita mtambo huo kitu cha watoto, si mashine ya michezo iliyokwisha kuwatia hasara. Famicom pamoja na toleo lake la nje iliuzwa karibu mara milioni 62, na kila mmoja uliingia nyumbani ukiwa na msalaba wa Yokoi.

Wapinzani hawakuweza kuuiga waziwazi kwa sababu ya hataza. Sega ikaweka alama ya msalaba iliyoinuka juu ya kisahani cha mviringo. Sony, ilipozindua PlayStation mwaka 1994, ikauficha msalaba chini ya jalada la padi na kuacha ncha nne tu zionekane. Mkono wa mchezaji ulitambua kwamba kitu ni kile kile.

Kilele cha falsafa ya Yokoi kilikuwa Game Boy, uliotoka tarehe 21 Aprili 1989 kwa yeni 12,500. Ulikuwa mtambo wa mkononi wenye msalaba, vitufe viwili na kioo kisicho na rangi wala mwanga wake wenyewe. Wahandisi wake, akiwamo Satoru Okada, wangeweza kutumia kioo cha rangi. Yokoi alikataa. Rangi ingekula betri na kupandisha bei.

Mwaka uo huo Atari ilitoa Lynx, na mwaka 1990 Sega ikafuata na Game Gear. Yote miwili ilikuwa na rangi za kupendeza na yote miwili ilitumia betri sita zilizokwisha baada ya saa chache. Game Boy ulitumia betri nne na kudumu kwa zaidi ya saa 10. Somo hilo halina ugeni kwa Wakenya wanaokumbuka jinsi redio za betri zilivyotangulia kufika vijijini kabla ya nyaya za umeme. Kifaa kinachowaka hata kama ni cha kawaida humshinda kile cha kifahari kilichozimika. Pamoja na toleo lake la rangi la mwaka 1998, Game Boy uliuzwa zaidi ya mara milioni 118.

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa avumbikaye changa hula mbovu. Mwaka 1995 Yokoi aliongoza uzinduzi wa Virtual Boy, mtambo wa kutazamiwa ndani kama darubini, ulioonyesha picha zenye kina. Hapa pia alichagua kitu cha bei nafuu: taa ndogo nyekundu, kwa kuwa za rangi nyingine zilikuwa ghali. Padi yake ilikuwa na misalaba miwili, mmoja kila upande.

Lakini mtambo ulipelekwa sokoni kabla haujaiva, huku nguvu za kampuni zikielekezwa kwenye Nintendo 64 uliokuwa njiani. Wachezaji walilalamikia maumivu ya kichwa na macho. Ulihitaji kusimamishwa mezani, hivyo haukubebeka, na aliyeketi kando hakuona chochote cha kumvutia. Yote aliyokuwa ameyajua tangu siku za Love Tester, yaani wepesi, unafuu na furaha ya kushirikiana, yalikosekana. Uliuzwa chini ya mara milioni moja na ukaondolewa sokoni kabla ya mwaka kumalizika nchini Japani.

Yokoi alijiuzulu tarehe 15 Agosti 1996. Wengi walieneza kwamba aliondolewa kwa sababu ya Virtual Boy, lakini yeye mwenyewe alikana kwamba hicho ndicho kilichomtoa. Kinaya ni kwamba mwezi Februari mwaka uo huo michezo ya kwanza ya Pokémon ilikuwa imetoka, ikaupa Game Boy, mtambo wenye umri wa miaka saba, uhai mpya ambao haukutarajiwa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Yokoi alianzisha kampuni yake ndogo mjini Kyoto, iliyoitwa Koto, na kushirikiana na Bandai katika kubuni mtambo mpya wa mkononi. Alirejea kwenye misingi yake: kioo kisicho na rangi, bei ya chini na betri moja tu.

Hakuuona ukikamilika. Tarehe 4 Oktoba 1997 alikuwa akisafiri katika barabara kuu ya Hokuriku, mkoani Ishikawa, wakati gari alimokuwa lilipogonga lori kwa nyuma. Aliteremka kutazama uharibifu, na gari jingine lililokuwa likipita likamgonga. Ajali haina kinga. Mtambo wake, WonderSwan, ulizinduliwa mwezi Machi 1999 kwa yeni 4,800, ukiandamana na mchezo wa mafumbo uliopewa jina la Gunpey kwa heshima yake.

Heshima nyingine zilifuata. Mwaka 2003 chama cha kimataifa cha waundaji wa michezo ya video kilimtunukia marehemu tuzo ya mafanikio ya maisha, na baadaye Nintendo ikapewa tuzo ya Emmy ya teknolojia kwa ajili ya kitufe cha msalaba.

Tangu 1996, vijiti vidogo vya kidole gumba vimechukua sehemu kubwa ya kazi ya kuongoza katika michezo ya kisasa. Hata hivyo, padi nyingi zinazotengenezwa leo bado zina msalaba upande wa kushoto. Ulinzi wa hataza nao ulikwisha katikati ya miaka ya 2000, na sasa kiwanda chochote, kikubwa au kidogo, kina ruhusa ya kuutengeneza bila kumlipa mtu.

Pengine huo ndio urithi unaomfaa zaidi mtu wa aina yake. Kipande cha plastiki, vibonge vinne vya mpira na vijia vichache vya shaba havikuwa siri kwa fundi yeyote mwaka 1982, na si siri kwa fundi wa jua kali leo. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuvitazama vitu hivyo vya kawaida na kujiuliza vingeweza kufanya kazi gani nyingine.